Hema Mbili Bila Vigingi

Wale mlioliona gari langu Jumatatu asubuhi likiwa na matope mpaka kwenye kibao cha juu, mkaniuliza kama kuna mwanafunzi aliyelitumbukiza mtoni, nawajibu wote kwa pamoja: hapana. Wanafunzi wangu wako salama na wanaendelea vizuri. Matope yale ni ya ziwani. Tulienda kupiga kambi. Na kwa kuwa kila niliyemsimulia nusu ameongeza nusu yake mwenyewe, naona heri niandike jambo lote tangu mwanzo, polepole, tuelewane.

Kwanza mjue tulikuwa nani. Mimi mnanijua, nafundisha watu kuendesha gari hapa Kitengela. Gari letu lina kibao kikubwa juu, herufi L nyekundu mbele na nyuma, na upande wa abiria kuna breki na klachi za mwalimu. Ndilo gari pekee tulilokuwa nalo wikendi ile.

Wa pili ni ndugu yangu mdogo, Githinji, ambaye anauza ploti. Ni mtu mzuri, ila hawezi kuona uwanja mtupu bila kuugawa kichwani. Hata uwanja wa kanisa letu ameshaugawa.

Wa tatu ni Naserian, anayeshona sare za shule karibu na soko. Githinji alimpelekea suruali ipunguzwe miguu. Akarudi na nyingine, kisha nyingine, mpaka mtu mzima wa karibu miaka arobaini akawa anatembea mjini soksi zake zote zikionekana. Hapo ndipo nilipoelewa.

Walitaka kuoana. Kilichobaki kilikuwa mama yake Naserian, mjane anayekaa mbele ya Loitokitok, pale msitu wa mlima unapoanza. Miaka michache iliyopita shemeji yake aliuza kipande cha malisho ya mama huyo kimyakimya kupitia kwa wakala wa ardhi. Mama aliamka asubuhi akakuta vijana na tepu ya kupimia wanapiga bikoni, yaani vile vigingi vya mpaka, katikati ya ng'ombe wake. Tangu siku hiyo alisema wakala wa ploti hataoa binti yake, hata akibaki mwanamume wa mwisho kaunti nzima.

Kwa hiyo Naserian alipanga hivi. Karibu na kwao kuna ziwa dogo ndani ya msitu. Tungeenda kupiga kambi pale kama marafiki kutoka mjini, tumsalimu mama, mama aizoee sura ya Githinji. Habari ya kazi ingefuata siku nyingine, mama akiwa ameshampenda.

"Usiseme ploti," Naserian alimwonya. "Usiseme ekari. Usiulize hati iko na nani."

"Na nikiulizwa kazi?"

"Sema biashara."

Kitengela hadi Kajiado

Githinji alisisitiza kuendesha. Mimi nikakaa upande wa mwalimu, kwa mazoea, na Naserian nyuma pamoja na hema mbili, magodoro, sufuria na begi la Githinji ambalo hakutaka liguswe.

Niwaeleze jambo moja kuhusu kazi yangu. Ukifundisha miaka mingi, mguu wako unapata akili yake. Gari lolote likiwa mbele, mguu wa mwalimu unakanyaga breki kabla mwalimu hajafikiri. Kabla hatujafika Isinya nilikuwa nimemsimamisha Githinji mbele ya lori, mbele ya bodaboda, na mbele ya mfuko wa plastiki uliokuwa ukivuka barabara.

"Dada, toa mguu."

"Nimetoa."

"Umetoa umeweka wapi?"

"Unaendelea vizuri," nikamwambia. "Ila hapo ungeshika gia ya tatu mapema kidogo."

Yeye naye alikuwa na ugonjwa wake. Kila tulipopita uwanda, kichwa kiligeuka. "Ile ya kona," alisema, "ukiweka barabara pale nyuma, unapata..."

"Githinji," Naserian akasema kutoka nyuma.

"Nafanya mazoezi ya kuacha."

Mjini Kajiado tulikunywa chai na chapati. Mhudumu alitazama gari nje, akatazama L, kisha akamtazama Githinji, aliyekuwa bado ameshika ufunguo. Alipoleta chai alimwongezea andazi ambalo hatukuliagiza.

"Usijali, mkubwa," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hata mimi nilianguka mara ya kwanza."

Kajiado hadi Mashuuru

Nje ya mji mama mmoja wa makamo alitupungia mkono. Alikuwa na kuku wawili waliofungwa miguu na alikuwa akienda Mashuuru kwa dada yake. Tulimpa nafasi. Alipoona gari lina pedali upande wangu pia, aliinama mbele, akaweka mkono begani kwa Githinji.

"Kijana wangu, usiogope. Barabara hii haina watu wengi, ndiyo maana mwalimu amekuleta huku."

"Mama, mimi naendesha tangu zamani."

"Ni vizuri kujiamini," yule mama akasema. Akanigeukia. "Ako mbali na mtihani?"

Nilijua ninachopaswa kusema. Lakini Naserian alikuwa ameshaweka shuka mdomoni kuzuia kicheko, na mimi ni binadamu. "Anajitahidi," nikasema. "Shida yake ni kutazama pembeni."

"Ataacha. Wangu alianguka mara tatu, leo anaendesha lori mpaka Namanga. Kijana, tazama mbele. Hivyo. Umeona? Anaskia akiambiwa."

Alimwelekeza njia nzima. Alimwambia apunguze mwendo kwenye mashimo, na ukweli ni kwamba alikuwa sahihi kila mara. Tulipofika Mashuuru alikataa kabisa tuondoke bila kula kwa dada yake mwenye hoteli. Tulisubiri maharagwe yaive. Yalikuwa yameanza kuiva, tukaambiwa, na kwa kweli yaliendelea kuanza kwa muda mrefu sana. Wakati huo wote mama wa kuku alimtambulisha Githinji kwa kila aliyeingia kama mwanafunzi aliyetoka Kitengela bila kugonga kitu. Wazee wawili walimpa mkono.

"Nitaking'oa hicho kibao," Githinji alisema tuliporudi kwenye gari.

"Kimefungwa kwa skrubu," nikamwambia. "Twende. Kioo, mshipi, kisha gia."

Mashuuru hadi Loitokitok

Kutoka hapo tulikwenda kushika barabara ya lami inayotoka Emali, tukashuka nayo hadi Kimana, mahali pa mashamba ya kumwagilia maji. Mlima ulikuwa umejifunika wote kwa wingu, kama mgonjwa asiyetaka kusalimiwa. Tulinunua gunia dogo la viazi, nyanya na vitunguu. Mwenye viazi alituhesabu kichwa kwa kichwa, akauliza kama tunaenda harusini. Naserian alikohoa. Githinji akalipa haraka.

Kutoka Kimana hadi Loitokitok Githinji hakusema neno hata moja kuhusu ardhi. Niliona shingo yake ikitetemeka kwa juhudi. Nilimpongeza. Mtu akijaribu, ni vizuri aambiwe.

Nyumbani kwa mama

Mama yake Naserian ni mwembamba, mfupi kuliko nilivyotarajia, na ana macho ya mtu anayehesabu mifugo akiwa mbali. Alinisalimu kwa Kimaa, "Takwenya," nami nikajibu "Iko," kama Naserian alivyonifundisha. Alifurahi. Kisha akamgeukia ndugu yangu.

Tulipewa chai ya maziwa matupu, nzito, yenye moshi kidogo ndani yake, nzuri ajabu. Mama alingoja Githinji ajaze mdomo.

"Wewe unafanya kazi gani?"

Akameza. "Biashara, mama."

"Biashara ya nini?"

"Ya vitu... vikubwa."

"Ng'ombe?"

"Kubwa kuliko ng'ombe."

Mama akaweka kikombe chini. Mnakumbuka kwamba kule ni jirani na mbuga. "Ndovu?" akauliza.

"Hapana, mama. Hapana kabisa."

"Kitu ni kubwa kuliko ng'ombe na si ndovu," mama alisema taratibu, akimtazama binti yake. "Na haina jina."

Naserian akasema kwamba jua linashuka na hema hazijasimamishwa. Tukaondoka haraka, kwa adabu, mimi nikiwa bado na kikombe mkononi. Ilibidi nikirudishe.

Ziwani, Jumamosi jioni

Ziwa lenyewe ni dogo. Ukisimama upande mmoja unaweza kumwona ndege aliye upande wa pili na kujua anatazama wapi. Miti imelizunguka karibu lote, mirefu, yenye ndevu za kuvu, na mbega walikuwa juu wakituangalia bila maoni. Sehemu moja tu ya ukingo iko wazi kabisa, ng'ambo ya pale tulipoweka kambi, na hapo matope yamekanyagwa na kwato. Zaidi ya hapo ni kimya. Mtu wa Kitengela, aliyezoea jenereta, mhubiri na honi kwa wakati mmoja, akikutana na kimya kile masikio yanamlia.

Naserian alibaki nyuma kidogo kuchota maji kwa jirani. Mimi nikaokota kuni. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumtazama Githinji, na hilo ndilo lililotuponza.

Hema zilikuwa mbili: yangu ndogo ya kijani na yake kubwa ya rangi ya machungwa. Mtu mwingine angezisimamisha popote. Githinji hakuweza. Nilipotoka msituni nikiwa na mzigo wa kuni, nilimkuta amefungua lile begi lisiloguswa. Alikuwa ametandaza tepu ya kupimia. Alikuwa amevuta uzi mweupe kutoka kona hadi kona, umenyooka kabisa. Alikuwa amepiga vigingi vyote vya hema mbili kwa nyundo, akaacha njia katikati, na sasa alikuwa anapiga picha kila kigingi kwa simu.

"Githinji, unafanya nini?"

"Nazipanga zisikae ovyo."

"Na hiyo katikati?"

"Barabara," alisema. Kisha nikaona uso wake unabadilika, maana alikuwa amesikia alichokisema.

Alikuwa amechelewa. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alikuwa amesimama kati ya miti. Alitazama tepu, akatazama uzi, akatazama nyundo. Aliondoka kwa mwendo wa mtu asiyetaka kukimbia lakini anakimbia.

Nyundo ilikuwa bado mkononi mwa Githinji walipofika. Walikuwa wanawake saba au wanane na wanaume wachache, wote na fimbo. Mbele alikuwa jirani mmoja wa mama, mnene, mwenye sauti ya kufika Tanzania bila pasipoti. Wanamwita Ng'oto Lemayian, yaani mama Lemayian. Mama yake Naserian alikuja nyuma, hana haraka.

Mimi ndiye mkubwa, basi nikasogea mbele nieleze. Kueleza ndiyo kazi yangu.

"Hii ni nini?" Ng'oto Lemayian akauliza.

"Ni hema, mama. Nyumba ya kitambaa. Tunalala ndani leo, kesho tunaikunja tunaenda nayo."

"Kwenu hakuna nyumba?"

"Iko. Ya mawe."

"Imeanguka?"

"Hapana, iko sawa."

"Kuna mtu amewafukuza?"

"Hakuna."

"Basi mmetoka kwa nyumba ya mawe mkaja kulala chini, karibu na fisi, juu ya nini?"

Nimefundisha watu kurudisha gari nyuma mlimani. Nimefundisha mzee asiyeamini vioo. Sijawahi kukwama vile. "Tunapumzika," nikasema mwishowe.

Aliwatafsiria wenzake. Walinitazama kwa huruma ya kweli, na mmoja akauliza kama nimeonwa na daktari.

Mama yake Naserian hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinama, ameshika ule uzi mweupe, anaufuata kwa vidole kutoka kigingi hadi kigingi. Alipofika cha mwisho alisimama mbele ya Githinji.

"Hii nilishaiona," alisema.

Naserian alifika wakati huo na ndoo ya maji. Aliona yote kwa mara moja, akaiweka ndoo chini.

"Mama, si vile unafikiria," akaanza.

"Wewe nyamaza. Nauliza huyu. Biashara yako ni gani?"

Githinji alinitazama. Akamtazama Naserian. Ningependa kusema nilimsaidia, lakini kuna kona ambazo mwalimu hawezi kumshikia mtu usukani.

"Nauza ploti, mama," alisema. "Kitengela. Hapa sijakuja kuuza. Nimekuja kwa sababu ya Naserian."

Mama alimtazama binti yake, na Naserian akainamisha kichwa. Nilidhani tutafukuzwa. Badala yake mama alielekeza fimbo chini.

"Ulikunywa chai yangu, kwa hivyo sikufukuzi usiku ukiingia. Lakini hakuna chuma italala ndani ya hii udongo. Toa zote."

Tulivitoa vyote, watu wote wakihesabu kwa macho. Mama akavipokea kwenye shuka yake, akafunga fundo, akaondoka navyo. Naserian akamfuata. Hakugeuka nyuma. Ndugu yangu alibaki ameshika nyundo isiyo na kazi, na naweza kuwaambia kwamba sijawahi kumwona mtu mkubwa vile akiwa mdogo vile.

Viazi

Sasa tulikuwa na hema mbili bila vigingi, na upepo ulikuwa unaanza kuteremka kutoka mlimani. Yangu tuliifunga kwenye gari na kwenye mti. Yake ilikuwa mbali na miti, na kamba zetu zilikuwa zimekwisha. Githinji akapata wazo la kuweka gunia la viazi ndani ili liikalie.

Wazo lilikuwa zuri. Nilimwambia hivyo. Kosa lilikuwa la pamoja: tulisahau kwamba viazi hivyo hivyo ndivyo chakula cha jioni. Niliwasha moto, nikaomba viazi. Akaleta vichache. Nikaona havitoshi, maana huzuni inataka chakula. Akaleta vingine. Kila kiazi tulichomenya, hema ilipungua uzito, na wala hatukuiangalia. Githinji alikuwa ananieleza kwamba labda arudi kufundisha shule kama alivyotaka baba, ndipo tuliposikia sauti kama shuka linakung'utwa.

Hema ya rangi ya machungwa iliinuka taratibu, kwa heshima, ikasimama angani kidogo kama inayoaga. Kisha viazi vilivyobaki vikamwagika mlangoni, nayo, ikiwa imepata uhuru wake, ikaenda ziwani. Ilielea hadi ng'ambo, ikakwama palepale penye alama za kwato.

"Kesho," nikamwambia. "Kula kwanza."

Alilala garini kwenye kiti cha dereva, miguu kati ya pedali.

Ziwani, Jumapili asubuhi

Niliamshwa na milio ya ng'ombe. Si wachache. Walikuwa wamesimama ukingoni mwa msitu, kundi la mama na kundi la jirani, wana kiu na wanalalamika, na hakuna hata mmoja aliyekubali kusogea. Mbele yao, juu ya maji yao, kulikuwa na kitu cha rangi ya machungwa kinachovimba na kusinyaa kama kinachopumua.

Wachungaji walipiga mluzi. Walisukuma. Fahali mmoja alipiga hatua mbili, hema ikapumua, akarudi. Akina mama walikuwa wameshafika wakiwa na nguo za kanisani. Naserian alisimama pembeni peke yake.

Githinji alitoka garini, akaona, akavua viatu. Hakuuliza mtu. Aliingia kwa matope ya magoti, kisha ya kiuno. Hema ilikuwa imejaa maji, nzito kuliko yeye. Alivuta, ikamvuta. Aliangukia ndani yake, akapotea, akatokea kwenye dirisha.

"Anaingia ama anatoka?" Ng'oto Lemayian akauliza, akitafuta mahali pazuri pa kukaa.

"Anajitahidi," nikasema.

"Mwambie avute upande wa mkono ya kushoto. Kijana, kushoto. Hiyo ni kulia."

Nilienda na gari mpaka ukingoni, tukaifunga hema nyuma, na kwa gia ya kwanza, klachi polepole, tukaitoa. Magurudumu yakazunguka, na matope yote mliyoyaona Jumatatu yalipanda siku hiyo. Ng'ombe walishuka kunywa kabla Githinji hajatoka majini. Walimpita kushoto na kulia kana kwamba ni kisiki, naye akabaki amesimama katikati yao, mikono juu.

Alipotoka, mama yake Naserian alimpa chai kutoka kwenye chupa. Alingoja anywe, kama jana. Nikaogopa.

"Wewe unajua kugawa," mama alisema. "Gawa hii nione."

"Mama?"

"Hii ziwa. Hii mahali yote. Ungeigawa vipi?"

Githinji alimtazama Naserian. Naserian aliangalia miti. Nilimwomba Mungu ndugu yangu aseme hajui. Lakini akaokota kijiti, akachuchumaa, akaanza kuchora kwenye matope, na ole wetu, alikuwa hodari.

"Barabara kubwa inaingia hapa, mita tisa. Ploti za mbele zinaangalia maji, hizo ndizo za bei. Za nyuma..." Mkono ulikuwa unaruka. Naserian alifunika uso. "Halafu hapa..."

Ng'ombe mmoja, aliyemaliza kunywa, alipita juu ya ploti za mbele na kusimama kwenye barabara kubwa. Githinji alingoja aondoke. Akafuta, akasogeza barabara. Kundi la tatu likatokea upande mwingine kabisa wa msitu na kupita hapo alipoisogeza.

"Hao nao hupita wapi?" akauliza.

"Kila boma iko na njia yake," mama alisema.

"Na mvua ikinyesha?"

"Njia zinahama."

Akafuta tena. Alichora, akafuta, akazunguka upande wa pili wa mchoro wake. Sijui alichuchumaa pale muda gani, ila chai yake ilipoa. Mwishowe alimwonyesha Ng'oto Lemayian mraba mmoja kwa kijiti. "Mama, haiwezekani. Nikiweka nyumba hapa, ng'ombe wako watapita kwa sebule ya mtu."

"Watapita tu," Ng'oto Lemayian alisema. "Hao hawabishi hodi."

Watu walicheka. Hata Naserian, kidogo, ndani ya mikono yake. Mama yake hakucheka.

"Na yule aliuza yangu. Aliuliza ng'ombe hupita wapi?"

Githinji alikaa chini palepale kwenye matope. "Hapana, mama. Hatuulizi. Tunakuja na mteja, tunamwonyesha mlima, tunarudi."

"Na wewe? Ushawahi kuuliza?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza."

Mama alitazama mchoro, ambao sasa ulikuwa kwato tupu. "Kanisa inaanza," akasema. "Mkitoka, mpitie nyumbani."

Kuondoka

Tulipita. Tulikuwa tumejiosha kadiri inavyowezekana. Mama alikuwa amerudi kutoka kanisani. Alimrudishia Githinji vigingi vyake vyote ndani ya kitambaa, akasema, "Hivi tumia Kitengela." Nikajua ndiyo kwaheri.

Kisha akaingia katikati ya kondoo wake, akamshika mmoja mgongoni.

"Hii ni yako," akamwambia Githinji.

Nilianza kushukuru kwa ajili ya nyama. Naserian alinifinya mkono, kwa nguvu. "Dada, si ya kula." Alikuwa ananong'ona. Akanieleza kwamba kwao, mtu akimpa mwenzake kondoo, hawaitani tena kwa majina. Wanaitana Paker. Na kwamba mama mkwe na mwanamume wa binti yake huitana hivyo hivyo, ila kwa kawaida mwanamume ndiye anayemleta kondoo.

"Yeyo," alimwambia mama yake, "si yeye ndiye angeleta?"

"Huyu angeleta nini?" mama akasema. "Ploti?"

Githinji hakuelewa jambo lolote. Alisimama tu akitabasamu kwa hofu. "Asante, mama. Tutamweka nyuma ya gari?"

"Gari gani? Anakaa hapa na wenzake. Mtu akiwa na mnyama mahali, lazima akuje kumwangalia. Kama amekonda, kama amezaa. Ukuje bila tepu. Nenda salama, Paker."

Naserian alimweleza neno hilo polepole, mara mbili. Githinji akageuka upande, akajifanya kumtafuta kondoo wake. Lakini mama alikuwa amemwachilia, na kondoo walikuwa kundi zima, wekundu wote, wote wakitazama kwingine.

"Mama, ni yupi?"

"Utarudi mpaka umjue," mama alisema, akaingia ndani.

Githinji alizunguka boma kwa muda, akarudi akiringa, akasema amemtambua na amempiga picha ili asimsahau. Naserian aliketi mbele safari hii, kwenye pedali za mwalimu, miguu ameikunja ili asikanyage kitu. Tulipofika Kimana mlima ulikuwa umejifunua wote, na Githinji akampitishia simu kwa majivuno.

Naserian aliitazama ile picha. Akaikuza kwa vidole viwili. Akaniletea nyuma nami nione, kisha akairudisha.

"Githinji," akasema, "huyu ni mbuzi."